Seli Zinapoachana Mikono: Somo juu ya Kanseri na Mipaka ya Mwili



Kila mutu anayekaa Kasumbalesa anajua mupaka ni nini. Asubuhi na mapema makamyo yamekwisha kupanga mustari, mengine na shaba, mengine na unga, mengine na mafuta. Kuna pahali pa kupita, na kuna watu wa kutazama: karatasi za duane, karatasi za mizigo, kadi ya chanjo. Mutu akipita porini bila kuonekana, siku hiyo hakuna anayeona ubaya. Ubaya unaonekana kisha siku nyingi, tena mbali, Lubumbashi ao Likasi.

Leo nataka tusome juu ya mipaka mingine, midogo sana, jicho haliwezi kuiona. Iko ndani ya mwili wa kila mumoja wetu, kati ya seli na seli. Mipaka hiyo ikisimama imara, mwili unakaa na amani. Ikilegea, ugonjwa wa kanseri unapata njia ya kukomaa na kutembea.

SABABU YA SOMO HILI

Nitawaambia sababu bila kuficha. Miaka kadhaa imepita, wakati nilikuwa ninafanya kazi pahali pengine, mama mumoja alikuja kwangu. Alikuwa bibi ya mufanyakazi wa mine. Aliniambia kwa haya kwamba anatoka damu kidogo kisha kulala na bwana yake, na siku zake za mwezi zilikuwa zimekwisha kukauka tangu miaka miwili. Mulangoni kulikuwa watu wengi wanaongojea. Nilimupa vidonge vya tumbo na dawa ya kuongeza damu, nikamuambia arudi kama haiishi. Sikumupima. Sikumutuma kwa munganga.

Alirudi mara ya pili, nikamupa dawa zilezile. Mara ya tatu alikuwa amekonda, na nikamutuma ku lopitali kubwa. Munganga alipomutazama alisema: ni kanseri ya shingo ya tumbo la uzazi, na imekwisha kutoka pahali ilipozaliwa. Alikufa mbele ya mvua kuanza. Aliacha watoto watano.

Siku ya kilio bwana yake alinishika mukono akaniuliza: "Munganga, kitu hiki kilianzia wapi? Alikuwa na nguvu ya kulima hata mwaka jana." Sikuweza kumujibu vizuri. Nilijua jina la ugonjwa, lakini namna unavyoanza sikuijua. Tangu siku ile nilianza kusoma. Somo hili ni jibu langu kwake, hata kama limechelewa.

1. MWILI NI NYUMBA YA MATOFALI

Mwili umejengwa na seli. Seli ni tofali hai, dogo sana: katika milimetri moja unaweza kupanga seli karibu 50 hata 100 kwa mustari. Kila seli inakula, inapumua, na kwa wakati wake inajigawanya kuwa seli mbili.

Kuna seli zenye kazi ya kufunika. Ndizo zinazofunika ngozi, kinywa, koo, njia za pumzi katika mapafu, tumbo, matumbo, na shingo ya tumbo la uzazi. Hizo zimesimama kama ukuta: upande mumoja kuna hewa, vumbi, chakula na microbi, upande mwingine kuna damu na nyama ya mwili. Kanseri nyingi za watu wazima zinaanza katika seli hizo za kufunika, kwa sababu ndizo zinazopigwa kila siku na vitu vya inje, na ndizo zinazojigawanya mara nyingi kwa kutengeneza ukuta unaoharibika.

Sasa uliza fundi wa kujenga: ukuta unasimama kwa nini? Atakujibu: matofali mazuri hayatoshi. Udongo kati ya matofali ukiwa mubaya, mvua moja tu na ukuta unaanguka. Mwili pia uko hivyo. Kati ya seli na seli kuna viungo, na viungo hivyo vimetengenezwa na protini.

2. VIUNGO VINE VYA SELI

Tujifunze viungo vine, kila kimoja na kazi yake.

Cha kwanza: kiungo cha kufunga. Hiki kiko juu kabisa ya ukuta. Kinakaza seli mbili hata maji hayapiti ovyo kati yao. Protini zake zinaitwa klaudini na okludini. Ndicho kinachofanana na kizuizi chetu cha mupaka: kinachagua kipite nini na kibaki nini. Klaudini zilipatikana na wataalamu wa Kyoto, Japani, katika mwaka 1998.

Cha pili: kiungo cha kushikana mikono. Protini yake kubwa inaitwa E-kaderini. Mukono wa E-kaderini unatoka katika seli moja, unashika mukono wa namna ileile wa seli jirani. Lazima kuwe na kalsiyumu, kama vile gundi inavyohitaji maji. Bila kalsiyumu mikono inaachana. Mutaalamu Masatoshi Takeichi, naye wa Kyoto, ndiye aliyefumbua kazi ya protini hizi katika miaka ya 1970 na 1980.

Cha tatu: kiungo cha boloni. Wataalamu wanakiita desmosomu. Kazi yake ni kuvumilia kuvutwa na kukanyagwa. Kiko kingi katika ngozi na katika moyo. Kama boloni zinazoshika paa ya handaki, hakizuii maji, kinazuia kupasuka.

Cha ine: kiungo cha tuyo ndogo. Protini yake inaitwa koneksini. Koneksini sita zinakaa katika duara na kufanya nusu ya tuyo. Seli jirani inaleta nusu yake, na tuyo inakamilika. Kwa njia hiyo seli zinapeana chumvi na habari, kama wafanyakazi wanaopeana ishara chini ya ardhi: "Simama, sisi tumekwisha kutosha hapa."

3. NAMNA KANSERI INAVYOVUNJA UMOJA

Seli nzuri ina adabu. Ikigusa majirani pande zote, inaacha kujigawanya. Ukijikata kidole, seli za pembeni zinaona pahali patupu, zinaanza kuzaa. Zikikutana katikati, zinashikana mikono na kuacha. Kama si hivyo, kila kidonda kingekuwa uvimbe.

Kanseri inaanza wakati seli moja imeharibika katika kitabu chake cha amri, yaani chembe za urithi zilizo katika kiini. Kwa kawaida kosa moja halitoshi. Makosa yanajikusanya mwaka kwa mwaka. Kati ya makosa hayo, moja kubwa ni kupoteza viungo. Tutazame hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni kuacha mikono. E-kaderini inapungua ao inakosa kabisa. Hapo kuna hatari mbili. Ya kwanza unaifahamu: seli inakuwa huru. Ya pili imefichama. Ndani ya seli, E-kaderini inashikwa na protini nyingine inayoitwa beta-katenini. Ikiwa kwenye kiungo, inafanya kazi nzuri ya kukaza ukuta. Lakini ikiachiliwa na isiharibiwe, inaweza kuingia katika kiini, ambacho ni kama ofisi ya mukubwa wa kazi, na kusaidia kutoa amri: "Jigawanyeni! Jigawanyeni!" Fikiri kapita ambaye kazi yake ni kukaza boloni, halafu anaacha boloni na kwenda kupiga kengele ya kuita watu ambao hawatakiwi.

Hatua ya pili ni kutosikia. Tuyo za koneksini zinapungua, na seli mbovu haisikii tena majirani wakisema "simama". Jambo hili limejulikana zamani: katika mwaka 1966 wataalamu Loewenstein na Kanno, kule Marekani, walionyesha kwamba seli za kanseri ya maini hazikuwa zinapelekeana habari kama seli nzuri za maini.

Hatua ya tatu ni kupoteza juu na chini. Kiungo cha kufunga kinajulisha seli upande wa inje na upande wa ndani. Kikivunjika, seli haijui tena pahali pa kusimama. Zinapanda moja juu ya nyingine, kama matofali yaliyomwagwa na kamyo.

Hatua ya ine ni safari. Seli inabadili umbo, inakuwa ndefu, inapenya sakafu iliyo chini ya ukuta, inaingia mushipa wa damu ao wa maji ya mwili, na kwenda kujenga mbali: maini, mifupa, ubongo. Hapo munganga anasema kanseri imetawanyika. Watu wengi wanaokufa na kanseri, ni safari hiyo inayowaua, si uvimbe wa kwanza. Hata mama niliyewaambia, ilikuwa hivyo.

Lazima niseme pia ukweli huu: si kanseri zote zinafanya hivyo sawasawa. Nyingine zinasafiri kwa kikundi, bado zinashikana mikono. Nyingine zinaachana kwa safari, kisha zikifika pahali pengine zinashikana tena na kujenga. Kwa hiyo tusifikiri kwamba E-kaderini ni sababu moja tu ya kanseri. Ni mulinzi mukubwa kati ya walinzi wengi.

4. JAMAA MOJA YA NEW ZEALAND

Mutu anaweza kuuliza: mumejuaje kama kuvunjika kwa viungo kunaleta kanseri? Labda ni kanseri inayovunja viungo, si viungo vinavyoleta kanseri.

Ulizo ni zuri, na jibu lilitoka katika jamaa ya Wamaori wa inchi ya New Zealand. Katika jamaa hiyo watu wengi walikufa na kanseri ya tumbo, hata vijana. Wenyewe walitafuta musaada wa wataalamu, na katika mwaka 1998 ilijulikana kwamba walikuwa wanarithi kosa katika chembe ya urithi inayotengeneza E-kaderini. Mutu alizaliwa na kosa upande mumoja. Upande wa pili ukiharibika katika seli fulani ya tumbo, seli ile inaachana na wengine, na kanseri inaanza. Hapo ilionekana wazi: kiungo kilivunjika kwanza, kanseri ikafuata. Tangu wakati huo, watu wa jamaa za namna hiyo wanaweza kupimwa damu na kujua hatari yao mbele ya ugonjwa.

Kurithi namna hiyo ni jambo la nadra. Kwetu sisi wengi, viungo havivunjwi na urithi. Vinavunjwa na vitu tunavyopumua, tunavyokunywa, na virusi tunavyopata.

5. WAADUI WA VIUNGO KWETU

Moshi wa tumbako. Moshi wa sigara unalegeza viungo vya kufunga katika njia za pumzi, na wakati uleule unaharibu chembe za urithi za seli. Ni kama mwizi anayevunja mulango na kuchoma nyumba pamoja. Hakuna vumbi wala moshi mwingine unaoleta kanseri ya mapafu kwa watu wengi kama tumbako.

Vumbi la mawe. Vumbi la silika, linalotoka wakati wa kutoboa, kupasua na kusaga mawe, ni jembamba sana. Lile unaloliona likiangaza katika mwangaza wa taa si baya zaidi. Baya zaidi ni lile usiloliona, kwa sababu linafika chini kabisa ya mapafu. Linaleta kidonda kisichopona. Seli zinatengeneza ukuta mwaka kwa mwaka, na katika kutengeneza bila kupumzika, viungo vinalegea na makosa yanaongezeka. Shirika la dunia la kuchunguza kanseri, lenye makao Lyon, Ufaransa, liliandika silika katika orodha ya vitu vinavyoleta kanseri kwa watu katika mwaka 1997. Mwenye kupumua vumbi hili na kuvuta sigara anajiongezea hatari juu ya hatari.

Moshi wa mazuti. Shirika lilelile liliandika moshi wa motere za mazuti katika orodha hiyo mwaka 2012. Habari hii inatugusa sisi wa Kasumbalesa, ambapo motere zinanguruma katika mustari, na wandugu wanaoendesha mashini chini ya ardhi.

Madini. Arseniki, inayopatikana katika mawe mengi ya shaba, imejulikana kuleta kanseri ya mapafu na ya ngozi. Kobalti iliwekwa mwaka 2022 katika kundi la vitu ambavyo yaonekana vinaleta kanseri, ijapokuwa ushuhuda kwa watu haujatosha. Katika maabara, chumvi ya kobalti inadanganya seli: seli inafikiri imekosa hewa, hata kama hewa iko. Na seli inayofikiri imekosa hewa inaweza kupunguza E-kaderini na kutafuta njia ya kuhama. Katika mwaka 2009 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wale wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba watu wa Katanga wanaokaa karibu na mine na izini za kuyeyusha walikuwa na kobalti nyingi katika mukojo. Walipima madini, hawakuhesabu kanseri. Lakini walituonyesha kwamba vumbi halikomi kwenye mulango wa kazi. Linafika mpaka kwa watoto.

Virusi vya papiloma. Huyu ndiye adui aliyemuua mama yule. Vinapatikana kwa kulala na mutu, na karibu kila mwanamume na kila mwanamuke anavipata siku moja katika maisha. Kwa hiyo si alama ya umalaya. Mwili unavifukuza mara nyingi. Lakini vikikaa miaka, aina fulani zinaleta kanseri. Mutaalamu Harald zur Hausen wa Ujerumani alionyesha aina ya 16 katika mwaka 1983 na ya 18 mwaka uliofuata; alipata zawadi ya Nobel mwaka 2008. Aina hizo mbaya zina protini inayoitwa E6. E6 inaua mulinzi wa kitabu cha amri, kisha inashika na kuharibu protini zinazosimamia viungo na kujulisha seli juu na chini. Aina zinazoleta tu vipele vya sehemu za siri nazo zina E6, lakini E6 yao haina kile kidole cha kushika protini za viungo. Tofauti ndogo hiyo ni kati ya mambo yanayotenga virusi vya vipele na virusi vya kifo.

Microbi ya tumbo. Iko microbi inayoitwa Helicobacter pylori, iliyofumbuliwa Australia na Warren na Marshall katika mwaka 1982. Aina zake kali zinaingiza protini katika seli za tumbo na kulegeza viungo vyake. Vidonda vya tumbo visivyopona visitibiwe na magadi tu; microbi hii inauawa kwa dawa za munganga.

Pombe kali. Lutuku na pombe nyingine zinachoma ukuta wa kinywa na koo. Pombe pamoja na sigara ni mbaya kuliko kila kimoja peke yake.

6. HABARI NJEMA: KUNA WAKATI

Mama yangu yule hakuugua kwa mwezi mumoja. Kwa kawaida, kutoka virusi mpaka kanseri ya shingo ya tumbo la uzazi inapita miaka 15 hata 20. Kwa mwanamuke mwenye virusi vya ukimwi asiyetunzwa, inaweza kuwa miaka 5 hata 10 tu, na hatari yake ni mara sita. Katika miaka hiyo yote kidonda kinakaa juu ya sakafu, hakijapenya. Kikipatikana wakati huo, kinachomwa kwa baridi kali ao kwa joto, na mama anaweza kurudi nyumbani siku ileile.

Namna moja ya kukitafuta ni rahisi. Muuguzi aliyefundishwa anapaka shingo ya tumbo la uzazi na siki iliyopimwa, anangojea dakika moja hivi, na pahali pabaya panakuwa peupe. Jirani zetu wa Zambia walianza kazi hiyo Lusaka katika mwaka 2006, na walioifanya zaidi ni wauguzi, si waganga wakubwa. Siku hizi kuna pia kipimo cha kutafuta virusi vyenyewe. Shirika la Afya la Dunia linashauri wanamuke waanze kupimwa wakiwa na miaka 30, na wenye virusi vya ukimwi wakiwa na miaka 25.

Tena kuna chanjo, inayotolewa kwa wasichana wa miaka 9 hata 14, mbele hawajajua mwanaume. Rwanda ilianza kwa inchi yote katika mwaka 2011, Uganda 2015, Tanzania 2018, Zambia na Kenya 2019. Mwenye binti aulize ku dispanseri.

7. ALAMA ZA KUTOFICHA

Njoo kutuona, usingojee, kama una moja ya hizi:

a) Damu kisha kulala na bwana, ao damu kisha siku za mwezi kukauka, ao maji machafu yenye harufu yasiyoisha.
b) Kikohozi kinachopita majuma matatu, ao makohozi yenye damu. Inaweza kuwa kifua kikuu, nacho kinapona. Kwa hiyo usiogope kupimwa.
c) Kidonda cha kinywa ao cha ngozi kisichopona kwa majuma matatu.
d) Chakula kukwama kooni, kwanza bukari, kisha hata supu.
e) Choo cheusi ao chenye damu, na kukonda bila sababu.
f) Uvimbe katika ziwa, shingo ao kwapa, hata kama hauumi. Kanseri ya mwanzo mara nyingi haiumi.

8. KAZI YETU SISI WENYEWE

Ku kazi: Mwaga maji mbele ya kutoboa na mbele ya kufagia. Usifagie vumbi kavu. Usipulize nguo zako kwa hewa ya kompresa. Vaa maski ya vumbi iliyotolewa kwa kazi hiyo, na uikaze vizuri puani. Kitambaa kilichofungwa usoni hakizuii vumbi jembamba. Zima motere kama kamyo imesimama muda murefu. Kama feni ya hewa imekufa, ambia kapita mara moja.

Ku nyumba: Acha nguo za kazi ku kazi kama kuna pahali. Kama hakuna, usizikung'ute mbele ya watoto, na mama asizifue pamoja na nguo za mutoto muchanga. Nawa mikono na uso mbele ya kubeba mutoto. Pikia pahali penye hewa.

Wewe mwenyewe: Acha sigara. Hata kama umevuta miaka 20, hatari inaanza kupungua kisha kuacha.

MAULIZO TUNAYOPATA

"Kama protini za viungo zimeharibika, nikule nyama na maharagi mengi zirudi?" Chakula kizuri kinasaidia mwili wote, lakini nyama haiendi moja kwa moja kuziba kati ya seli. Tumbo linaivunja kwanza vipande vidogo, na kila seli inatengeneza protini zake kufuata kitabu chake cha amri. Kama kitabu kimeharibika, chakula peke yake hakikitengenezi.

"Kanseri inaambukiza?" Hapana. Unaweza kula sahani moja na mugonjwa, kumuosha, kulala chumba kimoja naye. Virusi vya papiloma vinaambukiza, lakini kanseri yenyewe haitoki mutu kwenda kwa mutu.

"Wazee wanasema ni kurogwa." Siwadharau wazee. Lakini miezi inayopotea kwa kutafuta aliyeroga ndiyo miezi seli zinayotumia kwa safari. Pima kwanza.

"Mimi ni mwanaume, maneno ya tumbo la uzazi yananihusu nini?" Yanakuhusu sana. Virusi hivyo unaweza kuvibeba bila kujua, na vinaweza kukuletea wewe pia kanseri ya koo. Na zaidi, mara nyingi bibi yako anangojea ruhusa yako na feza ya safari. Umuambie leo: "Nenda upimwe, mimi nitabaki na watoto."

KWA KUMALIZA

Wandugu, ukuta wa mwili unasimama kwa sababu kila seli imeshika mukono wa jirani yake na kusikia sauti yake. Seli inayoacha mikono, isiyosikia tena, inayotaka kuzaa peke yake na kutembea peke yake, ndiyo inayoangusha nyumba nzima.

Kwa bwana wa mama yule, kama anasoma ukurasa huu: ndugu yangu, ilianzia katika seli moja iliyoachana na majirani zake, miaka mingi mbele ya damu ya kwanza. Hakuna mutu nyumbani kwako aliyekosa. Wa kumutazama mapema nilikuwa mimi, na sikumutazama. Tangu hapo, mama akifika kwangu na habari kama ile, hata mustari uwe murefu namna gani, simupi vidonge na kumurudisha. Ninamutuma apimwe.

Ninyi nanyi, musituache tusahau. Mukifika ku dispanseri na tukawapa vidonge bila kuwatazama, mutuambie: "Munganga, nipime."